Mwaka Nilioandika Sifuri Ubaoni

Mwezi uliopita tulikwenda Buhigwe kumuaga Mwalimu Yustina, aliyekuwa mwezeshaji wetu wa Fizikia kwa miaka mingi, ambaye sasa amestaafu na anasema atalima kahawa na hataki kuona chaki hata kwa mbali. Ukumbi ulijaa walimu kutoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe yenyewe. Nilikuwa nimekaa meza ya pili kutoka mbele, ndani ya suti ya kijivu niliyoshonesha Dar es Salaam, nikisubiri zamu yangu ya kusema. Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Ezekieli wa Kasulu mjini, mtu wa digrii na sauti kubwa. Akashika kipaza sauti akasema, "Sasa namwomba Mwalimu Sifuri aje atoe neno." Walimu wa rika letu wakaangua kicheko. Vijana walioajiriwa juzi wakanitazama kwa huruma, wakidhani labda sifuri ndiyo alama ninayojulikana nayo. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikatembea polepole hadi mbele, na nikatoa neno ambalo watu walilipigia makofi kwa muda mrefu kuliko la mgeni rasmi. Niliporudi kukaa, kijana mmoja aliinama akaniuliza, "Samahani mzee, kwa nini wanakuita hivyo?" Nikamwambia ale pilau kwanza, maana habari yenyewe ni ya mwaka mzima. Pilau ilipoisha na yeye alikuwa ameondoka. Basi naiandika hapa, aisome akipata nafasi.

Watu wengi wakiulizwa ni mwaka gani uliowajenga hutaja ujana wao. Wangu ulinikuta na mvi. Nilikuwa nimerudi Kibondo kutoka Dar es Salaam, ambako nilikuwa fundi wa majokofu Buguruni kwa miaka mingi, na nina haki ya kusema kwamba kulikuwa na watu wanaotoka Mbezi kuniletea friji zao wakiwa wamepita mafundi kumi njiani. Stashahada yangu ya ualimu niliisomea ukubwani, mchana nikishika bisibisi na jioni nikishika kalamu, bila mjomba wizarani wala shangazi benki. Nilipoipata, wenzangu waliomba kupangiwa pwani. Mimi niliomba Kibondo, na afisa aliyepokea maombi yangu aliuliza mara mbili kama sijakosea tahajia. Niliporudi nilikuta shule yenye maabara isiyo na bomba, kabati lenye mizani moja ya springi iliyolegea, na ofisi ya walimu ambamo waliniita "Stashahada". Wao waliliona kama kijembe. Mimi nililivaa kama cheo, na nikawa naitika haraka kuliko nikiitwa Gervas.

Mkuu wa shule, mtu mpole anayesema mambo magumu huku akipanga kalamu zake mezani, aliniita ofisini mwanzoni mwa mwaka huo. Shuleni kwetu mwanafunzi akifika kidato cha tatu anachagua kuendelea na Fizikia au kuiacha, na wengi walikuwa wanaiacha kama mtu anavyouacha mzigo wa jirani. "Mwalimu Gervas," akasema, "nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mtu mzima. Waliochagua mwaka huu hawajazi hata benchi mbili. Hawa wa kidato cha pili ulionao sasa, wakichagua wachache hivyohivyo, somo tunalifunga. Wewe utachukua Uraia." Nikamwambia, "Mkuu, sikurudi Kibondo kufundisha Uraia." Akaihamisha kalamu nyekundu akaiweka kando ya ile ya bluu. "Hakuna aliyewahi kurudi Kibondo kufundisha Uraia," akasema. "Lakini kuna mtu anaufundisha." Nilitoka mle nikijua kwamba nina mwaka mmoja na darasa moja, na kwamba nikishindwa, watoto wa shule ile hawatafundishwa tena kwa nini taa inawaka.

Mwaka huohuo ndipo yalipoanza mafunzo ya walimu wa Fizikia kazini, kule Kasulu, kwenye kituo cha walimu. Tulishuka kila baada ya wiki kadhaa, tukalala kwenye hosteli ya kanisa yenye mablanketi mazito na dirisha linaloangalia migomba. Chumba changu nilishirikiana na Mwalimu Pasifiki, Mkongomani aliyefundisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na aliyekuja na kibali chake cha kutoka kambini kimekunjwa ndani ya Biblia. Alikuwa mrefu, mpole, anakunja mashati yake kama anayefunga zawadi, na aliniita Papa ingawa tulilingana umri. Chumba cha pili alilala Ezekieli na mwenzake, na baina yetu ulikuwa ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba mtu akigeuka kitandani upande ule, wewe huku unasogea. Jioni ya kwanza, kabla hata ya chakula, nilimsikia Ezekieli akisema, "Yule Stashahada wa Kibondo, somo linamfia mikononi. Mkuu wake mwenyewe ameshaanza kumtafutia vitabu vya Uraia." Mwenzake akacheka. Pasifiki akanitazama, akanyanyua kidole mdomoni kunizuia nisijibu kupitia ukutani. "Waache, Papa," akaninong'oneza. "Mutu akisema wewe unakufa, wewe unakula tu." Tukaenda kula. Lakini kile nilichokisikia kilinikaa, na nawashukuru wote wawili wa upande ule wa ukuta, maana mimi ni mtu ambaye akiambiwa hawezi, hulala saa chache na kuamka mapema.

Mwalimu Yustina alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na desturi ya kuuliza maswali akiwa amekupa mgongo, kana kwamba jibu lako halikuwa na umuhimu. Alitukuta sote tuna vishikwambi tulivyogawiwa, wengine wakivitumia kusomea magazeti na kuangalia mpira. "Kuanzia leo," akasema, "tunajifunza kutumia akili mnemba kuandaa somo. Mtaiuliza, itawajibu, mtaandika andalio, kisha kila mmoja atafundisha somo la mfano shuleni kwake, sisi wengine tukiwa tumekaa nyuma." Ezekieli akauliza kama mashine itachukua nafasi za walimu. Yustina akajibu akiwa anafuta ubao, "Ya mwalimu anayesoma andalio bila kuinua macho, imeshachukua." Halafu akageuka, na nadhani ndiyo mara pekee asubuhi ile alipogeuka. "Kanuni moja tu. Usiiulize mashine kitu ambacho ikikosea wewe huwezi kuisahihisha."

Ile kanuni niliiandika vizuri kwa mwandiko wangu mzuri. Na lazima niseme kwamba katika kundi lile hakuna aliyeielewa mashine haraka kama mimi. Wengine walikuwa wanaiamkia kwanza. Pasifiki aliiandikia "Bonjour" akasubiri. Mimi niliikabili kama nilivyokuwa naikabili friji ya mteja: unaiambia kinachotakiwa, unasikiliza inachosema, unaendelea. Jioni moja tu nilikuwa nimeandaa mada tatu za kidato cha pili, pamoja na mifano, mazoezi na majibu yake. Mada niliyoichagua kwa somo la mfano ilikuwa kazi, nishati na uwezo, kwa sababu ndiyo mada inayowafukuza wanafunzi wengi, na mimi nilitaka wenzangu wanione nikiushika moto kwa mkono.

Basi likapanda basi dogo la walimu hadi Kibondo. Wakakaa nyuma ya darasa langu, Yustina na miwani yake, Ezekieli na tai yake, Pasifiki magoti yakiwa yamegota kwenye dawati, na Mkuu wa shule ambaye hakualikwa lakini ofisi yake iko karibu. Fizikia kwetu husomwa kwa Kiingereza, huelezwa kwa Kiswahili na hubishaniwa kwa Kiha. Nilianza vizuri sana. Nilieleza kwamba kazi katika Fizikia ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kwa uelekeo wa hiyo kani. Nikasukuma meza. Nikanyanyua ndoo. Kisha nikatoa mfano ambao mashine ilinipa na ambao, niliposoma, niliupenda kwa sababu unashangaza: mama amebeba mzigo kichwani, anatembea barabara tambarare, kwa mwendo uleule. Kani ya kuushikilia mzigo inaelekea juu. Safari inaelekea mbele. Mzigo haukupanda wala kushuka. Je, mama ameufanyia mzigo kazi kiasi gani? Nikaandika sifuri ubaoni, kubwa, ya duara, nikaizungushia mara ya pili kwa chaki ili hata wa nyuma waione.

Kalamu zikasimama. Nikadhani ni mshangao wa kielimu. Kisha binti mmoja aitwaye Editha, anayekaa safu ya katikati, mtoto asiyependa kunyoosha mkono bila sababu, akanyoosha. "Mwalimu, mama yangu anabeba muhogo na ndizi kutoka shambani hadi sokoni. Hajafanya kazi?" Nikamjibu, "Ikiwa barabara ni tambarare, kwenye Fizikia, hapana." Akafikiri. "Kwa hiyo akifika nyumbani nisimwambie mwakoze?"

Hapa msomaji asiyetoka Buha anahitaji kujua jambo moja. Sisi hatuna asante nyingine ya kale. Kwa Kiha, mtu akikupa maji, akikupisha njia, akikuletea ndizi, unamwambia mwakoze, na neno hilo maana yake ni kwamba mmefanya kazi. Shukrani yetu yote imejengwa juu ya kazi. Mtoto wa Kibondo ukimwambia kwamba mama yake hajafanya kazi, masikioni mwake umesema kwamba mama huyo hastahili hata asante. Mashine haikujua hilo, na haikuwa na sababu ya kulijua. Nami, niliyezaliwa ndani ya neno hilo, miaka ya Buguruni ilikuwa imenizoesha kushukuru kwa Kiswahili. Darasa likaanza kunguruma kwa Kiha. Nikasikia nyuma mtu akisema "amemtukana mama." Nikagonga meza, nikasema Fizikia ni Fizikia, nikaendelea na mazoezi, na kwa kweli kifizikia sikukosea hata nukta. Lakini nilipogeuka niliona Mkuu anapanga kalamu mfukoni mwake, na hiyo haikuwa dalili njema.

Kibondo ni mji wa kuongea. Jumamosi nilikwenda sokoni kununua ndizi na nikafika kwa Mama Editha bila kujua kama nimefika kwake, maana sikuwa nimewahi kuunganisha sura zao. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. "Karibu mwalimu," akasema. "Chagua mwenyewe, pima mwenyewe, fungasha mwenyewe. Mimi leo sifanyi kazi." Wanawake wa pembeni wakajifunika midomo kwa khanga. Nikasema, "Mama Editha, ile ilikuwa Fizikia." Akajibu, "Naam, na hapa ni sokoni." Nikachagua chane moja, nikaiweka kwenye mfuko wangu, na kwa mazoea ya utotoni ambayo sikuwa nimeyatumia muda mrefu nikamwambia, "Mwakoze." Akatikisa kichwa. "Hilo usiniambie, mwanangu. Ulishalifuta." Nilicheka, kwa sababu mtu aliyesema vizuri amesema vizuri, na nadhani nilikuwa mwanamume pekee sokoni siku ile aliyejua kucheka akitaniwa. Lakini Jumatatu, nikipita nyuma ya darasa la kidato cha pili, nilisikia dirishani mvulana mmoja akisema, "Mimi naenda zangu Historia. Huko hata waliokufa wanasifiwa." Wakacheka wote. Nikasimama pale na chaki mkononi, nikawahesabu waliocheka kwa sauti zao, na nikaona Uraia unakuja.

Mafunzo yaliyofuata, Ezekieli alinipokea mlangoni kwa jina jipya, Sifuri. Nilimruhusu. Jioni tulikwenda kula kwa mama lishe aliyekuwa karibu na kituo, kibanda cha mabati chenye meza mbili ndefu, picha ya kalenda ya zamani na friji nyeupe kwenye kona. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, na kisamvu ambacho Pasifiki aliita sombe na akasema hakijatwangwa vya kutosha lakini Mungu atasamehe. Alikuwa na kishikwambi chake mezani, anakichokoza huku anakula. "Papa Stashahada, angalia," akasema. "Nimeiambia hii mashini kama kwetu Congo jiwe likitupwa juu haliteremuke. Imeniambia samahani, uko sahihi, asante kwa kunikumbusha." Ezekieli akaondoa mwiba mdomoni. "Imekubali?" "Imekubali kabisa. Iko na adabu kupita mutoto wa mushungaji. Lakini akili, hapana." Tukacheka hata mama lishe akaja kuangalia.

Mwalimu Yustina hakucheka sana. Alikuwa anakula kwa mkono mmoja na mwingine umeshika miwani isidondokee kwenye mchuzi. "Gervas," akasema, "uliiuliza swali la nani?" Nikasema la kwangu. "La kitabu," akasema. "Yule mama wa barabara tambarare ni wa kitabu. Wanafunzi wako walikuuliza swali lao na hukulijibu. Wanataka kujua kama hajafanya kazi, kwa nini anachoka." Nilikuwa nataka kujibu jambo lakini hapohapo friji ya kona ikaanza kunguruma. Mtu mwingine asingesikia kitu. Mimi nilisikia kompresa inayojaribu kuamka, inanguruma, inashindwa, inakatika kwa kidoko kidogo, inapumzika, inaanza tena. Mkono ukiwa bado na ugali, nikainuka nikaenda nyuma ya friji nikaigusa. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Nikachomoa plagi. "Mama, hii isiwashwe tena, kompresa imekwama," nikamwambia. "Haizunguki hata kidogo, ila inakula umeme wote, na umeme wenyewe unageuka joto. Ukiiacha itaungua." Nilipogeuka, Yustina alikuwa ameweka miwani yake mezani. "Imezungusha kitu?" akauliza. "Hapana." "Imesogeza kitu?" "Hapana." "Basi imefanya kazi sifuri," akasema, "na imechoka."

Nilirudi kukaa. Sikumaliza ile migebuka, na mimi ni mtu ninayemaliza. Nimeona walimu wenye digrii wakieleza jambo hilo kwa maneno marefu, misuli, nyuzi za misuli, chakula kinachogeuka joto. Yote ni kweli. Lakini sidhani kama kulikuwa na mwalimu mwingine mkoa mzima aliyekuwa nalo jibu mkononi mwake, lenye joto na mafuta, kwa sababu ya miaka ile ya Buguruni ambayo watu huiona kama miaka niliyopoteza kabla ya kuwa mtu. Usiku ule Ezekieli alisema kupitia ukutani, "Sifuri, umelala?" Nikasema, "Nafanya kazi." Pasifiki akacheka ndani ya blanketi.

Nikarudi Kibondo nikaliombea darasa langu vipindi viwili vya mfululizo. Nilikuja na betri ya pikipiki, na mota ndogo niliyoitoa kwenye redio kaseti mbovu, na koleo. Nikamwita Editha mbele, nikampa kishikwambi, nikamwambia, "Iulize wewe. Uliza swali lako." Akaandika taratibu kwa kidole kimoja, akasoma jibu kwa sauti: kwa barabara tambarare na mwendo usiobadilika, kazi ambayo mama ameufanyia mzigo dhidi ya uvutano ni sifuri. Wakanung'unika. "Sasa iambie imekosea," nikasema. Akanitazama kama anauliza kama naruhusu, akaandika. Mashine ikaomba samahani, ikasema yuko sahihi kabisa, mama huyo amefanya kazi kubwa. Darasa likalipuka kwa furaha, wengine wakagonga madawati. Nikawaacha wafurahi. Kisha nikasema, "Iambie imekosea tena." Akaandika. Mashine ikaomba samahani kwa mara ya pili, ikarudi kwenye sifuri.

Yule mvulana wa Historia ndiye aliyesema, "Mwalimu, hii haina msimamo." Nikamwambia, "Ina lugha. Msimamo unauleta wewe. Na wewe unautoa wapi?" Nikaunganisha mota na betri. Ikazunguka kwa mlio mwembamba. Nikawaalika watu waiguse: ya baridi. Kisha nikakibana kile kijiti kinachozunguka kwa koleo, nikamwambia mvulana aishike hivyohivyo, isizunguke. Tukasubiri. Nikawauliza imesogeza nini. Wakasema hakuna. Kazi? Sifuri. "Haya, gusa." Yule mvulana akagusa akarudisha mkono upesi. Wakapanga mstari kugusa, mmoja baada ya mwingine, wakitazamana, hadi mota ikaanza kunuka na nikaikata. Mota haikuomba samahani kwa mtu yeyote.

Editha alikuwa bado amesimama mbele na kishikwambi. "Kwa hiyo ile sifuri?" akauliza. "Inabaki," nikasema. "Nimeiandika na siifuti. Lakini sifuri ni ya mzigo. Mzigo haukupata kitu, ulikuwa juu na umebaki juu. Si ya mama. Mama ametumia nishati aliyoila asubuhi, na ndiyo maana anatoka jasho, na ndiyo maana unamwambia mwakoze." Nilitaka kuongeza mambo mengine, maana nilikuwa nimejiandaa, lakini walikuwa wameshaanza kubishana wenyewe. Mmoja anasema kwanza kutoka shambani kwao hakuna hata hatua moja ya tambarare, ni mlima mtupu, kwa hiyo mama yake anaufanyia mzigo kazi kweli, hata kwa kitabu. Mwingine anasema wakati wa kushuka je. Wakabishana kwa Kiha, na mimi nikakaa pembeni kuwasikiliza, nikiwa nimeridhika kama mpishi anayesikia vijiko.

Kuanzia siku ile tuliiuliza mashine kila wiki, na desturi ilikuwa kwamba hakuna jibu linaloandikwa daftarini mpaka tuwe tumetafuta kitu cha kuligusa: betri, jiwe, ndoo, kioo, springi. Siku nyingine mashine ilikuwa sahihi nasi tukakosea, na hiyo pia waliipenda. Yustina alikuja kukaa nyuma mara moja tena bila kunipa taarifa, akaondoka bila kuuliza swali hata moja, na kwa mtu wa aina yake hicho kilikuwa cheti. Ezekieli alinipigia simu kuuliza mota niliitoa kwenye redio ya aina gani. Pasifiki alifundisha somo lilelile kambini kwa feni ndogo, akanitumia ujumbe wa sauti mrefu ambao nusu yake ilikuwa kicheko cha wanafunzi wake. Na sokoni, Mama Editha aliniona kwa mbali akaita kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza dagaa, "Mwalimu, nasikia sasa mimi ni mota." Nikamwambia, "Ndiyo mama, mota iliyobanwa." "Na aliyenibana nani?" "Mzigo." Akafikiri kidogo, akanifungashia ndizi kwa mikono yake mwenyewe. "Na mume wangu umweke hapohapo kwenye mzigo," akasema, na mimi nikalipa nikaondoka, kwa sababu hilo halimo kwenye mtaala.

Nimezunguka na kuona shule nyingi tangu hapo. Wananiita kuwaelekeza walimu wapya, pamoja na wenye shahada, na naenda, na huwa sianzi na mashine. Naanza kwa kuwauliza walimu hao, wanafunzi wao wanaliitaje nyumbani jambo watakalolifundisha. Wengine hawajui. Wanaandika swali langu chini kana kwamba ni mzaha, halafu jioni wanakuja kuniuliza tena taratibu.

Lakini mwaka ule haukuishia kwenye mota wala sokoni. Uliishia mwanzo wa muhula uliofuata, wale wa kidato cha pili walipoingia cha tatu. Shuleni kwetu kila mwanafunzi ana kiti chake na meza yake aliyokuja navyo kutoka nyumbani, na mwanafunzi akichagua somo, anahamisha kiti. Hakuna fomu inayosema ukweli kama kiti. Mkuu alikuwa amenipa chumba kidogo cha mwisho, kile kilichokuwa stoo ya majembe, akisema kinatosha. Nilikifagia mwenyewe asubuhi, nikafuta ubao, nikaweka meza yangu na kiti changu mbele, nikasimama mlangoni kama mwenye duka asiyejua kama ni siku ya soko. Kengele ikalia. Kwa muda niliona vumbi tu na watoto wakivuka uwanja kwenda madarasa ya upande wa pili, na nikajiambia kwamba Uraia nao unaweza kufundishwa vizuri na mtu anayejua kazi yake.

Kisha akaja wa kwanza na kiti chake, yule wa Historia, akapita pembeni yangu bila kunitazama na akakiweka dirishani. Wakafuata wengine watatu. Halafu mlango ukaziba. Waliingia wakigongana, miguu ya viti ikishikana, wakisukumana kwa maneno ambayo sitayaandika, hadi safu za nyuma zikagusa ukuta na za mbele zikagusa meza yangu. Mkuu alitoka ofisini akaja kusimama kwenye veranda. Alitazama ndani, akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. "Mwalimu Gervas," akasema, "hawa hawatoshi humu." Nikamwambia watatosha. Editha alikuwa amefika wa mwisho, amesimama na kiti chake nje ya kizingiti, akitafuta pa kukiweka na hapakuwepo. Nikaibeba meza yangu nikaitoa verandani. Bado haikutosha. Nikarudi nikachukua kiti changu, nikakipitisha juu ya vichwa vyao, Mkuu wa shule akakipokea mlangoni bila kupenda, na Editha akaweka cha kwake mahali pale. Mpaka leo nafundisha nimesimama.